Uingereza imepunguza nusu, China inaongoza: je, nani wa kulaumiwa?

Mwalimu wa jiografia katika sekondari moja mkoani Tanga anauliza:

"Wanafunzi wangu wa kidato cha nne walifanya mdahalo kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Upande mmoja ulileta takwimu kwamba China inatoa hewa ukaa nyingi kuliko Marekani na Ulaya zikijumlishwa, na kwamba Uingereza imepunguza nusu tangu 1990. Upande wa pili ukajibu kwamba Wazungu ndio waliochafua anga kwa miaka mia mbili, na sasa wanakuja kutufundisha usafi. Kila upande ulikuwa na namba zake, na mimi nilishindwa kutoa uamuzi. Kuna jedwali gani la kuaminika la kuonyesha nchi ipi imefanya vizuri na ipi ya kulaumiwa? Na sisi Tanzania tunakaa wapi humo?"

Mwalimu, kwanza niwatetee wanafunzi wako: namba za pande zote mbili ni za kweli. Kilichowakwamisha ni mada yenyewe. Imefunga pamoja maswali mawili ambayo kila moja lina kipimo chake: nani anapunguza kwa kasi leo, na nani aliijaza anga hadi tukafika hapa. Nchi inaweza kuwa mstari wa mbele katika swali la kwanza na bado ikabaki mdaiwa mkubwa katika la pili. Uingereza iko hivyo hasa.

Tuichukue China, kwa kuwa ndiyo iliyowasha moto darasani. Dunia inatoa zaidi ya tani bilioni 37 za hewa ukaa kwa mwaka kutokana na makaa ya mawe, mafuta, gesi na viwanda vya saruji. Karibu tani bilioni 12 ni za China. Marekani inatoa karibu bilioni 5, India bilioni 3, Umoja wa Ulaya bilioni 2.5. Kwa hiyo ndiyo, China inazizidi Marekani na Ulaya kwa pamoja.

Lakini China ina watu bilioni 1.4. Ukigawanya kwa idadi ya watu, Mmarekani wa wastani anatoa kama tani 14 kwa mwaka, Mchina tani 8, mtu wa Umoja wa Ulaya tani 5 na nusu, Mhindi tani 2. Mtanzania anatoa takriban robo tani. Yaani Mmarekani anamaliza ndani ya wiki moja kiasi ambacho Mtanzania anakitoa mwaka mzima. Na ukitumia kipimo hiki, wa kwanza duniani si China wala Marekani. Ni Qatar, inayopita tani 30 kwa mtu, kwa kuwa ina watu wachache na viwanda vikubwa vya kugandisha gesi ya kuuza nje.

Wanaoitetea China mara nyingi hukomea hapo, na mimi naona wanakomea mapema mno. Tangu muongo uliopita, Mchina wa wastani anatoa hewa ukaa nyingi kuliko Mwingereza wa wastani, ambaye sasa yuko chini ya tani 5. Kuna pia ile hoja kwamba moshi wa China ni wa bidhaa zetu sisi wanunuzi, za simu na viatu na vyombo vya plastiki. Ina ukweli, ila watu huikuza. Hesabu zinazofuata bidhaa hadi kwa mtumiaji zinaishushia China kama sehemu moja ya kumi tu, na bado inabaki ya kwanza. Sehemu kubwa ya makaa yale yanachomwa kujenga China yenyewe: maghorofa, reli, madaraja, na umeme wa watu wake.

Upande wa pili wa darasa lako ulikuwa na hoja nzito zaidi, hata kama uliisema kwa hasira. Sehemu ya hewa ukaa inayotoka leo itabaki angani kwa karne kadhaa. Kabla ya mapinduzi ya viwanda anga ilikuwa na kama sehemu 280 za hewa ukaa katika kila sehemu milioni. Sasa zimepita 420. Nyongeza hiyo ndiyo inayotupa joto, na ndani yake umo moshi wa viwanda vya Manchester vya zama za Malkia Victoria. Ukijumlisha yote yaliyochomwa tangu hapo, Marekani ina karibu robo, nchi zinazounda Umoja wa Ulaya kama asilimia 17, China kama asilimia 15. Uingereza, yenye chini ya asilimia moja ya watu wa dunia, ina zaidi ya asilimia 4. Afrika nzima, kuanzia Cairo hadi Cape Town, iko kwenye asilimia 3 hivi, na hata hizo nyingi ni za Afrika Kusini na nchi za kaskazini.

Ukiingiza ukataji wa misitu, orodha inajipanga upya: Marekani inashuka hadi kama moja ya tano, na Brazil na Indonesia zinaingia tano bora. Hapo watafiti wengine wameuliza swali ambalo wanafunzi wa historia watalipenda. Msitu uliofyekwa Java wakati Mholanzi anatawala, uandikwe jina la nani? Walipohamishia hesabu za wakati wa ukoloni kwa watawala, sehemu ya Uingereza ilikaribia kuongezeka maradufu, na ya Uholanzi ikakaribia mara tatu.

Wapo wanaosema tuanze kuhesabu 1990, mwaka ambao jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa, IPCC, lilitoa ripoti yake ya kwanza, kwa kuwa kabla ya hapo watu hawakujua madhara. Zaidi ya nusu ya hewa ukaa yote ya makaa na mafuta imetolewa baada ya mwaka huo, na ukihesabu hivyo China inakwenda kileleni pamoja na Marekani. Mimi siafiki kuyafuta ya kabla ya 1990. Kutojua kunapunguza lawama, sawa, lakini utajiri uliojengwa kwa moshi ule bado upo, na joto lake pia bado lipo. Hata hivyo hoja hiyo inafundisha jambo moja muhimu: kila mwaka unaopita, sehemu ya China katika limbikizo inakua, na ukijumlisha na misitu tayari imeupita Umoja wa Ulaya. Kauli ya "Wazungu peke yao" inaisha nguvu polepole.

Sasa swali la maendeleo, ambalo ndilo lenye mitego mingi. Asilimia ya upunguzaji haina maana mpaka uulize: kutoka mwaka gani, kutoka urefu gani, na kilichopungua kilikwenda wapi.

Uingereza ni mfano mzuri kwa sababu ina yote, sifa na bahati. Kituo cha kwanza cha kuzalisha umeme wa makaa kwa umma kilifunguliwa London, Holborn Viaduct, mwaka 1882. Cha mwisho nchini humo, Ratcliffe-on-Soar, kilizimwa tarehe 30 Septemba 2024. Mwaka 2012 makaa yalikuwa yanatoa karibu asilimia 40 ya umeme wao. Miaka 12 baadaye, sifuri. Hilo halikuja lenyewe. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha sheria iliyoifunga serikali kwa malengo ya upunguzaji, na 2013 ikaja tozo ya kaboni iliyofanya makaa yasilipe tena, huku mitambo ya upepo ikisimikwa baharini. Chama kilichokuwa upinzani wakati sheria inapitishwa kilipoingia madarakani hakikuifuta. Nchi nyingi zimeshindwa hapo hapo.

Bahati nayo ilikuwepo. Miaka ya 1990 makampuni ya umeme yalikimbilia gesi ya Bahari ya Kaskazini kwa sababu ilikuwa rahisi kwa bei, si kwa kuipenda dunia, na gesi inatoa kama nusu ya hewa ukaa ya makaa kwa umeme ule ule. Migodi mingi ilikuwa imefungwa baada ya mgomo mkubwa wa wachimbaji wa 1984 na 1985. Viwanda vilihama. Ukihesabu bidhaa ambazo Waingereza wananunua kutoka nje, hewa yao inapanda kwa zaidi ya theluthi moja juu ya takwimu rasmi. Hata hesabu hiyo imeshuka, ila si nusu. Kisha kuna Drax, kituo kikubwa cha Yorkshire kilichoacha makaa na kuanza kuchoma vidonge vya kuni kutoka Marekani na Kanada. Moshi unaotoka kwenye bomba lake huandikwa sifuri, kwa kuwa kanuni za kimataifa zinataka mti uhesabiwe pale ulipokatwa. Ishike kanuni hiyo, tutaihitaji tukifika nyumbani.

Kwa hiyo ukiniuliza kama nusu ile ni ya kweli, nitasema ni ya kweli na kwamba wanastahili sifa kwa sehemu ya umeme. Lakini ipigie hesabu: nusu kwa miaka 33 hivi ni kama asilimia 2 kwa mwaka. IPCC ilisema ili joto la dunia lisipande zaidi ya nyuzi 1.5 juu ya lile la kabla ya mapinduzi ya viwanda, gesijoto za dunia, yaani hewa ukaa na gesi nyingine zinazoipasha joto, zipungue asilimia 43 kati ya 2019 na 2030. Hiyo ni kama asilimia 5 kwa mwaka, kwa miaka 11 mfululizo. Anayesifiwa kuliko wote anakwenda chini ya nusu ya kasi inayotakiwa.

Mtego wa mwaka wa kulinganishia ni mkubwa zaidi kwa wengine. Ujerumani hupenda 1990 kwa sababu baada ya hapo viwanda vya Ujerumani Mashariki, vilivyokuwa vikila makaa machafu, vilifungwa vingi kwa mpigo. Urusi ilianguka pamoja na Muungano wa Kisovieti. Itifaki ya Kyoto ya 1997, makubaliano ya kimataifa ya kupunguza gesijoto, iliitaka isizidi kiwango cha 1990 tu, na ikatimiza bila jasho. Japani inahesabu kutoka 2013, mwaka ambao hewa yake ilikuwa juu kwa sababu vinu vya nyuklia vilikuwa vimezimwa baada ya ajali ya Fukushima. Marekani, Kanada na Australia zimechagua 2005. China na India zimeahidi kupunguza hewa kwa kila kipande cha pato la taifa, ahadi inayoweza kutimizwa huku tani zinaongezeka kila mwaka. Na Tanzania yetu imeahidi asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ila kutoka kwenye kiwango ambacho tungefikia kama tusingefanya lolote, yaani kutoka kwenye makadirio. Kenya nayo iliahidi 32 kwa mtindo huo huo. Mwanafunzi aliyepanda kutoka alama 20 hadi 40 ameongeza asilimia mia, na aliyetoka 80 hadi 88 ameongeza asilimia kumi. Hakuna mwalimu atakayeandika asilimia hizo peke yake kwenye ripoti ya mzazi.

Ningekuwa wewe, ningewafundisha kubadilisha kila ahadi iwe vitu viwili tu: tani kwa mtu mmoja leo, na mwendo wa kila mwaka kwa miaka kumi iliyopita. Ukifanya hivyo majigambo mengi yanayeyuka. Marekani inashuka lakini kutoka mlimani, na siasa zake zinakwenda na kurudi. Ilitia sahihi Kyoto, haikuiridhia. Iliingia Mkataba wa Paris wa 2015 kuhusu tabianchi, ikatoka 2020, ikarudi 2021, na Januari 2025 Rais Trump akaamuru itoke tena. Hakuna kiwanda kinachoweza kupanga miaka 30 mbele katika hali hiyo.

China ni kitendawili kinachoondoa usingizi wa wachambuzi. Mwaka 2024 pekee ilifunga zaidi ya gigawati 270 za umeme wa jua. Bwawa letu la Julius Nyerere, Rufiji, lina megawati 2,115, yaani gigawati mbili na kidogo. Nchi hiyo hiyo inaendelea kujenga vituo vya makaa. Septemba 2025 Xi Jinping alitangaza kwamba ifikapo 2035 gesijoto zao zitakuwa asilimia 7 hadi 10 chini ya kilele. Ni mara ya kwanza kwao kuahidi kushuka kwa kiasi kamili, na ni kidogo sana kwa nchi yenye theluthi ya moshi wa dunia. Lakini paneli zilizoshuka bei mpaka duka la vifaa vya umeme la wilayani likaziuza zimetoka huko, na hakuna jedwali linaloipa China alama kwa hilo.

Tukirudi kwenye kulaumu, mimi naliona zaidi kama suala la nani alipe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1992 ulisema wajibu ni wa wote lakini haulingani, ukaorodhesha nchi tajiri za kutoa fedha. Orodha hiyo imeganda 1992. Qatar, Falme za Kiarabu, Singapore na China hazimo, ingawa uchumi wao wa leo si ule wa wakati ule. Waliomo nao hawana cha kujivunia. Mwaka 2009 mjini Copenhagen waliahidi dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020, wakafika 2022, na sehemu kubwa ilikuwa mikopo. Fikiria kukopeshwa ili ujikinge na mafuriko uliyosababishiwa na anayekukopesha. Mjini Baku, Novemba 2024, waliongeza ahadi hadi bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, na mjumbe wa India akapinga ukumbini mara tu nyundo ilipogongwa. Kinachosogea ni sheria. Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika maoni yaliyoombwa kwa juhudi za Vanuatu, nchi ya visiwa ya Pasifiki, ilisema nchi zina wajibu wa kisheria kulinda tabianchi, na kuukiuka kunaweza kuleta dai la fidia. Ni ushauri, haifungi mtu, ila mawakili wameshaanza kuinukuu.

Sasa sisi. Kumwambia Mtanzania wa robo tani apunguze ni mzaha. Watu wengi wanahitaji umeme zaidi, na tani zetu zitapanda hata tukifanya kila kitu sawasawa. Wajibu wetu ulio wazi uko msituni, maana tunapoteza zaidi ya hekta 400,000 kwa mwaka kwa mashamba, mkaa na kuni. Hapa ndipo ile kanuni ya Drax inapotugeuka. Majedwali yanayozunguka mitandaoni yanahesabu makaa, mafuta, gesi na saruji. Mkaa wa Handeni haumo. Serikali ina mkakati wa miaka kumi, 2024 hadi 2034, wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia, na kwa wengi hiyo ni mtungi wa gesi. Mama lishe akiacha gunia la mkaa akanunua mtungi, miti inapona na mapafu yake yanapona, lakini kwenye jedwali Tanzania inaonekana imechafua zaidi, kwa sababu gesi ya mtungi inahesabiwa. Siku mwanafunzi akileta takwimu kwamba hewa ukaa ya Tanzania imepanda, mwulize kwanza imepanda kwa sababu gani.

La mwisho liko mlangoni kwenu. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani. Wape wanafunzi hesabu: bomba linakusudiwa kupitisha mapipa 216,000 kwa siku, na pipa moja likichomwa hutoa kama tani 0.43 za hewa ukaa. Watapata karibu tani milioni 34 kwa mwaka, kiasi kinachozidi hewa yote ya makaa, mafuta na gesi ya Tanzania nzima. Kitakachoandikwa kwetu ni cha kupasha moto na kusukuma mafuta hayo tu, maana ni mazito na huganda yakipoa. Moshi wenyewe utaandikiwa nchi itakayoyachoma. Norway inaishi kwa utaratibu huo: mwaka 2024 karibu magari mapya tisa kati ya kumi yaliyouzwa kwao yalikuwa ya umeme, na mafuta na gesi wanayouza nje hayaonekani kwenye hesabu yao.

Mdahalo ujao ningewapa mada hiyo, badala ya China na Uingereza. Uganda inachimba, Tanzania inapitisha na kulipwa ada kwa kila pipa, kampuni ya mafuta ya Ufaransa, TotalEnergies, ina asilimia 62 ya hisa za bomba na CNOOC, kampuni ya mafuta ya China, asilimia 8, huku mashirika ya mafuta ya Uganda na Tanzania yakiwa na 15 kila moja. Mnunuzi ndiye atakayechoma, na kanuni za sasa zinamtaja yeye peke yake. Upande mmoja utetee kanuni hiyo, mwingine ugawe tani milioni 34 kwa hao wote, na ueleze kila mmoja amepewa ngapi na kwa nini.